Presha Iliyo Kwenye Kadi Si Yangu

Sista Selpha, muuguzi mstaafu, anajibu barua zenu. Majina yote ya wanaoandika na wanaotajwa yamebadilishwa.

Mpendwa Sista Selpha,

Naomba msaada wako, na naomba pia unisamehe mwandiko, maana mkono huu wa kulia ndio wenyewe ninaotaka kukueleza habari zake na tangu wiki iliyopita siuamini tena hata kwa kushika kalamu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, nimezaliwa Port Victoria kule Busia nikaolewa hapa Kisumu, na kazi yangu ni kukaanga samaki kwenye bichi ya Dunga, kando ya ziwa, mimi na mdogo wangu Sylvia, ambaye alinifuata nilipoolewa na sasa tuna miaka kumi na miwili kwenye jiko moja. Sylvia ndiye hunisomea gazeti kila asubuhi nikiparua samaki, kabla hatujalichana la kufungia, na safu yako ndiyo tunayoingoja zaidi. Siku ulipomkemea yule mwanamume aliyeficha kifua kikuu Sylvia alicheka akasema, "Dada, huyu mama akikupata wewe atakuchapa," na mimi nikacheka lakini moyo uliruka, kwa sababu alikuwa anasema kweli na yeye mwenyewe yumo ndani ya kosa langu.

Sista, nina ugonjwa wa ngozi. Ulianza kwenye viwiko nilipomzaa mtoto wangu wa mwisho, madoa mekundu yenye maganda meupe yanayopukutika, yakapanda mikono yote miwili, yakaja magoti, mgongo, nyuma ya masikio mpaka ndani ya nywele, na miaka mitatu sasa vidole vinavimba, asubuhi siwezi kufunga kifungo mpaka nivitie kwenye maji moto na nimeze vile vidonge vya njano vya maumivu ninavyonunua duka la dawa, na navimeza kila siku. Hospitali sijawahi kwenda kuonyesha. Utauliza kwa nini, na jibu ni kwamba nakaanga samaki, na nani atakula samaki wa mtu anayepukutika maganda? Kwa hivyo mimi huvaa sweta la mikono mirefu, mbele ya moto, mafuta yakichemka, jua la saa saba, mwezi wa pili, na hapa bichi wananiita Mama Sweta. Kanisani nako walidhani navaa hivyo kwa sababu ya utakatifu, wakanipa kazi ya kuwafundisha wasichana mavazi ya heshima na mimi nikaikubali, nasimama mbele yao nawaambia kufunika mwili kunampendeza Mungu, na ndani ya sweta ngozi inawaka mpaka natamani kujikuna kwa mgongo wa kisu.

Jambo jingine nililoficha ni mama yangu. Mama alikuwa na ngozi hii hii. Kwetu walisema ni laana, na huku kwa mume wangu Owiti wangesema ni chira, kwamba mtu amevunja mwiko na sasa mwiko unamla polepole. Mama alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipoanguka kwenye shamba la mihogo akiwa na jembe mkononi, upande mmoja wa mwili ukafa, akalala miaka miwili hawezi kusema neno ila "eee, eee," na watu wakasema sasa mnaona, laana imemaliza kazi. Mimi ndiye niliyekuwa namwosha, namgeuza, namlisha uji na nusu unarudi kwa upande wa mdomo uliokufa. Owiti nilimwambia mama aliugua presha tu, habari ya ngozi sikumwambia. Ngozi yangu anaiona, tunalala kitanda kimoja, nilimwambia ni mafuta ya moto yananirukia na akaamini, au alijifanya kuamini.

Sasa kosa lenyewe. Mwaka huu kamati ya bichi ilisema kila anayepika lazima awe na kadi ya afya, na wauguzi wakaja wenyewe wakapiga hema karibu na pale maboti yanapofungwa, wanapima damu, kinyesi, kifua, presha. Nilisimama kwenye foleni nikasikia mama aliye mbele yangu anaambiwa, "Mama, pandisha mkono wa nguo," afungwe kile kitambaa cha kupimia kinachobana, na nyuma yangu kulikuwa na wapishi wanane ambao kila siku tunanyang'anyana wateja. Nikatoka kwenye foleni nikisema nimeacha mafuta motoni.

Sylvia akaniambia, "Dada, si watu husema tunafanana? Leta kitambulisho. Mimi nilipimwa jana, leo kuna sista mwingine, hatanijua."

Nikampa. Akafunga kitambaa changu kichwani, akaenda, akarudi na kadi yenye jina langu, imegongwa muhuri, presha mia moja na kumi na nane kwa sabini na sita. Tulicheka mpaka machozi, eti ametobolewa kidole mara mbili kwa sababu yangu. Nikaitundika kadi kwenye mbao juu ya jiko watu waione.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi ya wiki iliyopita, saa saba mchana, nilikuwa nageuza samaki wa ngege kwenye mafuta, kijiko kikaanguka. Hakikuteleza, Sista. Niliuona mkono wangu unakiachilia na mimi sikuuambia uachilie. Nikataka kumwita Sylvia, mdomo ukatoa sauti ya mtu aliyejaza ugali. Sylvia akanitazama akacheka, "Wacha mchezo bwana, wateja wanangoja," halafu akaona mdomo umeenda upande. Akanikalisha kwenye kreti ya soda akaanza kuomba kwa Kisamia, lugha ya kwetu, yale maombi tuliyokuwa tunaomba kando ya kitanda cha mama. Haikufika dakika kumi mkono ukarudi, mdomo ukarudi, nikasimama nikamaliza kukaanga, na mteja aliyekuwa anangoja akala akaenda zake.

Kesho yake tulienda kliniki moja ndogo. Daktari ni kijana mpole, akasema nitoe sweta anipime presha. Nikatoa mkobani ile kadi, nilikuwa nimeitungua juu ya jiko asubuhi, nikamwambia, "Daktari, nimepimwa juzi tu, tazama." Akaisoma akatabasamu, "Mama, hii ni presha ya msichana. Umechoka tu na joto la jiko." Akanipa vitamini. Nilitoka pale na furaha, Sista, nakwambia kweli, nilifurahi njia nzima, nilikuwa nafurahia presha ya Sylvia.

Jumapili akaja Navdeep, Kalasinga mwenye duka la spea za magari, huja na mke wake na watoto kula samaki na huvaa mikono mifupi. Nilipomletea maji ya kunawa kitambaa changu kilikuwa kimeteleza, akaona nyuma ya sikio. Akasema polepole, watu wa meza nyingine wasisikie:

"Mama, wewe pia iko na hii?" Akageuza kiwiko, na nikaona ngozi yangu, ile ile, kwenye mkono wa mtu mwingine. "Mimi iko nayo miaka ishirini. Unaona daktari?"

Nikasema ni mafuta ya moto.

"Hapana mafuta, mama. Hii najua. Daktari yangu kila nikienda lazima pima presha, pima sukari, pima mafuta ya damu. Nikauliza yeye, mimi nakuja kwa ngozi, presha ya nini? Akasema hii ugonjwa haikai kwa ngozi peke yake, inachoma mpaka ndani, kwa mishipa. Watu ya hii ngozi stroke inaweza shika haraka kuliko wengine. Wewe presha yako ngapi?"

Miaka arobaini na minne, na presha pekee ninayoijua ni ya mdogo wangu. Navdeep akanawa, akala samaki kwa mkono ule ule wenye madoa, watoto wake wanachukua kwenye sahani yake, na mimi nikasimama pale na birika nikiwatazama.

Tangu hapo naogopa, Sista. Naogopa vibaya sana. Asubuhi nikiamka nasimama kwenye kioo nacheka peke yangu nione kama mdomo unaenda sawa. Nabana kopo la mafuta kwa mkono wa kulia halafu wa kushoto nione upi umelegea. Kikombe kikinigonga meno tu nashtuka. Na jana, Jumatano, nilikuwa nawafundisha wale wasichana kanisani, Biblia mkononi, herufi za upande mmoja zikafutika. Jicho moja likawa giza kama mtu ameshusha pazia. Nikanyamaza katikati ya mstari, na wasichana wakadhani nimejazwa Roho, wakaanza kuimba. Waliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mimi nimesimama nalia na wao wanaimba kwa nguvu zaidi, mpaka macho yakafunguka. Hilo sijamwambia mtu. Hata Sylvia hajui.

Sasa nifanyeje? Nikienda hospitali kubwa watanipima na watajua kadi ni ya uongo, kamati itafunga jiko, na jiko ni la Sylvia pia, ana watoto wawili na hana mume. Pengine watatushtaki sote wawili. Owiti atajua nimeleta kwa watoto wake kitu cha ukoo wetu na nikanyamaza. Kanisani nitawatazama vipi? Na nisipoenda, nimebakiza miaka saba nifike umri wa mama na jembe lake. Nimesikia watu wanasema aspirini inafungua damu, nimenunua, iko ndani ya sidiria yangu hapa ninapoandika, sijameza, nangoja uniambie nimeze ngapi. Kama kuna dawa nyingine ya kutumia nyumbani nitashukuru zaidi.

Usinipigie, simu ni ya Owiti. Barua hii nampa mwuza magazeti aifikishe. Nijibu gazetini, Sylvia atanisomea. Hajui kama nimekuandikia.

Mama Sweta
Dunga

SISTA SELPHA ANAJIBU

Mama Sweta, barua yako imenifikia jana Jumatatu huku Eldoret, ambako nimelala na goti lililopasuliwa, vinginevyo ningekuwa nimeshafika Dunga mwenyewe na ungenisikia kutoka mbali. Safu yangu hutoka Jumamosi. Nimempigia mhariri nikamwambia hii haingoji Jumamosi, akaguna sana, akaondoa tangazo la magodoro, na ndiyo maana umeniona leo Jumanne. Jumamosi itachapishwa tena, endapo leo hamkupata gazeti. Majina yote nimebadilisha, hata lile la utani, kwa hivyo watu wa bichi wasianze kuchunguza masweta.

Kwanza toa hiyo aspirini hapo ulipoificha na uiweke kando. Usimeze hata moja. Kilichokupata Alhamisi hakikuwa uchovu. Hicho ni kiharusi kilichogonga mlango kikaondoka: damu ilikwama kwenye mshipa wa kichwa, ikapita, mkono ukarudi. Jumatano kikagonga tena, safari hii kwenye jicho. Mara mbili ndani ya wiki moja, mama! Hatari ya kile kikubwa ni kali zaidi siku hizi hizi zinazofuata, na wewe uliandika Alhamisi, leo ni Jumanne. Unahesabu miaka saba mpaka umri wa mama yako. Acha hesabu hiyo, haina maana yoyote. Mimi nahesabu saa. Na aspirini inasaidia damu ikiwa imeganda, lakini ikiwa mshipa umepasuka na unavuja inaweza kukumaliza, na hakuna anayeweza kujua ni kipi bila kupigwa picha ya kichwa. Mimi siwezi kukuona kichwani kutoka kwenye kitanda changu, kwa hivyo usinitake nikuandikie dawa ya nyumbani. Hakuna.

Sasa nikuchape kidogo, maana Sylvia alishakuahidi. Ulifurahia njia nzima presha ya mtu mwingine. Hivi huyo Sylvia akila, wewe hushiba? Yule kijana wa kliniki ulimfunga macho kwa mkono wako mwenyewe. Alitaka kukupima, ukamchomolea kadi. Alipaswa kukupima tu hata kama ungeleta kadi kumi, na hilo ningemwambia usoni, lakini wewe ndiye uliyejua na yeye hakujua. Kadi ile haijamdanganya mwanakamati yeyote kiasi ilichokudanganya wewe. Iondoe pale juu ya jiko leo.

Basi, nimemaliza kuchapa. Nakuhurumia, na nitakuambia kwa nini. Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa msichana ninayejiona nimesoma, alikuja mama mmoja mwenye ngozi kama yako kupimwa presha. Nilivaa glavu mbili. Hazikuhitajika hata moja. Aliziangalia zile glavu, akaangalia uso wangu, akasema amesahau kitu nyumbani, na hakurudi tena. Sijui alifia wapi wala lini. Kwa hivyo ninapokwambia pandisha mkono wa sweta, najua ninachokuomba, na najua ni watu kama mimi waliokufundisha kuuteremsha.

Ngozi yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inaelekea sana kuwa psoriasis, na vidole vinavyovimba ni mtoto wa ugonjwa huo huo. Daktari atathibitisha. Haiambukizi. Haimwingii Owiti kitandani wala samaki kwenye mafuta. Si laana ya Port Victoria na si chira ya Dunga. Ni kinga ya mwili iliyokasirika ikaanza kuwapiga wenyeji badala ya wezi. Hutembea katika koo, ndiyo, lakini si kila mtoto huipata, na hakuna aliyewahi kuiletea familia yake kwa kukusudia.

Na huyo Navdeep wako amekwambia kweli, japo amekutisha. Ule moto unaouona kwenye ngozi haukai juu tu, unaichosha mishipa ya damu pia, na wenye ngozi nyingi iliyoathirika na viungo vinavyovimba kama wewe, wao hatari ya moyo na kiharusi huwa juu kuliko ya wengine. Tena ugonjwa huu hupenda kukaa na presha, sukari, mafuta ya damu na uzito. Sikiliza vizuri, sisemi kila mwenye ngozi hii ataanguka. Wengi hawaanguki, wanazeeka wakisumbua wakwe zao. Lakini ni kwa sababu mtu anawapima na kuwatibu. Mama yako watu wote walikuwa wanatazama ngozi yake na kunong'ona, na sidhani kuna hata mmoja aliyemfunga kitambaa cha presha mkononi. Ungenijibu nini ningekuuliza presha ya mama yako ilikuwa ngapi? Ulimwambia Owiti mama yako aliugua presha tu. Ulidhani unadanganya, na huenda ndilo neno la kweli kuliko yote uliyomwambia.

Vile vidonge vya njano vya kila siku viache. Vingi vya aina hiyo hupandisha presha na kuumiza figo, na wewe umevimeza miaka bila kujua presha yako iko wapi. Beba pakiti yake ukamwonyeshe daktari, yeye atakupa kitu cha viungo kinachofaa mtu mwenye hali yako. Ngozi nayo ina dawa siku hizi, na si sweta.

Utakwenda leo. Usirudi kwenye ile kliniki ndogo, nenda hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, kitengo cha dharura, na usikae benchi kwa adabu ukingoja kuitwa. Mtu wa kwanza mwenye sare umwambie hivi hivi: "Wiki mbili hizi mkono, mdomo na jicho vimekufa vikarudi, na presha iliyo kwenye kadi hii si yangu." Sema yote mawili kwa pumzi moja kabla hujapata nafasi ya kuona haya. Omba wakufungie pazia, ni haki yako. Kisha vua sweta. Sista atakayekupima ameona mambo ambayo wewe huwezi kuyaota, na akikunja uso, mkunjie wa kwako, lakini mkono usiurudishe.

Kamati tutaizungumza ukishapimwa. Utakwenda mwenyewe kwa afisa wa afya, kabla hajaambiwa na mwingine, umwambie ulichofanya na kwa nini, na uombe kupimwa upya. Mtakaripiwa, wewe na Sylvia. Pengine mtafungiwa kwa muda au kutozwa faini. Itauma, na itapita. Jiko lililofungwa hufunguliwa siku nyingine, na wateja wenu watarudi kwa sababu samaki ni watamu, vinginevyo Navdeep asingeleta familia yake kila Jumapili.

Owiti mwambie leo leo, njiani kama ni lazima. Mwanamume aliyelala kando ya ngozi hiyo miaka yote hii bila kuhamia kiti cha sebuleni ana haki ya kuambiwa jina lake. Na anahitaji kujua dalili, kwa maana ukianguka nyumbani yeye ndiye atakayekuokota, na akidhani ni chira ataita waombaji kwanza na gari baadaye. Wale wasichana wa kanisani watangoja. Siku ukipona uwafundishe jambo moja tu, kwamba mwalimu wao alifunika mkono wake mpaka ukakaribia kumuua. Hiyo hawataisahau.

Sasa nyamaza kidogo, Mama Sweta, endelea kuparua samaki wako. Nataka kusema na anayekusomea.

Sylvia, hilo si jina lako lakini unajijua. Habari ya jicho hukuambiwa, sasa umeambiwa. Teremsha gazeti kidogo umtazame dada yako. Mwambie acheke uone pembe zote mbili za mdomo zikipanda. Mwambie ainue mikono yote miwili aishike juu. Mwambie akutajie jina la mama yenu. Akishindwa hata kimoja, gari liitwe sasa hivi, usimpe maji, usimpe dawa, usiombe kwanza, utaomba ndani ya gari. Na akiweza yote, usishushe pumzi. Zima moto. Samaki waliobaki mpe jirani, hata yule mnayenyang'anyana naye wateja.

Siku ile ulimwazima mkono wako kwa sababu unampenda, na sikulaumu sana. Leo mshike wa kwake. Nenda naye mpaka nyuma ya pazia, mpandishie sweta wewe mwenyewe, ukae hapo mpaka namba isomwe kwa sauti na iandikwe, na iwe ya kwake. Gazeti hili usilichane la kufungia. Nendeni nalo.